Daftari la Askari Mmoja, na Jinsi Nilivyolisoma Vibaya

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki vitabu vilivyoandikwa ili visomwe. Riwaya ina mwandishi aliyetaka kutuambia jambo, na diwani ina malenga aliyetaka tumsikilize. Mimi katika insha hii nataka kuhakiki kitabu ambacho hakuna aliyekusudia kisomwe na mtu kama mimi. Chenyewe ni kidogo, chaenea katika kiganja, kina jalada la karatasi ngumu ya rangi ya udongo, na waandishi wake ni makarani wa jeshi wengi wasiojuana. Ni daftari la mshahara la askari mmoja wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wajerumani huliita Soldbuch. Nimelihakiki mara mbili. Mara ya kwanza nililisoma vibaya, na kosa langu likamwumiza mtu ambaye hakuwa amenikosea lolote. Ndiyo sababu naandika.

Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa nikifundisha Kiswahili mjini Hamburg, madarasa ya jioni, kwa watu wazima. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mama mmoja muuguzi, aliyekuwa akijiandaa kwenda kufanya kazi katika hospitali ya misheni kusini mwa Tanzania. Alinizidi umri kwa miaka mingi, kwa hiyo mimi nilimwamkia Shikamoo. Naye, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wake, aliona yeye ndiye apaswaye kuniamkia mimi. Basi kila Jumanne tulikuwa tukiwahiana mlangoni, na darasa zima likicheka.

Mwezi Machi 1995 yalifunguliwa mjini humo maonyesho yaliyowagawa Wajerumani kama ambavyo maonyesho machache yamewahi kuwagawa. Yalitayarishwa na Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Hamburg, nayo yalihusu makosa ya jinai ya jeshi la Ujerumani kati ya 1941 na 1944. Mpaka wakati ule watu wengi waliamini kwamba mauaji ya raia yalifanywa na SS peke yao, na kwamba askari wa kawaida alipigana tu na kurudi kwao na mikono safi. Maonyesho yalisema sivyo. Yalichukua sehemu tatu, yaani Serbia, Belarus, na njia iliyopitwa na Jeshi la 6 kwenda Stalingrad, yakaweka ukutani picha na nyaraka. Yule mama alikwenda. Alisimama mbele ya sehemu ya Jeshi la 6 kwa muda mrefu, akarudi nyumbani, akafungua kopo la biskuti alilorithi kwa mama yake. Ndani yake, chini ya vifungo vya mashati, lilikuwamo daftari la marehemu baba yake.

Alinijia nalo baada ya kipindi. "Mwalimu," akasema, "baba alituambia kwamba alikuwa akiendesha farasi tu. Nisomee nijue kama ni kweli."

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini Mjerumani amtafute Mtanzania amsomee Kijerumani. Sababu ni mwandiko. Makarani wengi wa zama zile waliandika kwa hati ya zamani, ambayo Wajerumani wengi waliosoma shule baada ya vita hawaijui. Mimi nilijifunza hati hiyo Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, nilipokuwa kijana nikisoma majalada ya utawala wa Kijerumani yahusuyo Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Nilijifunza ili nijue waliyotutendea babu zetu. Sikudhani kwamba siku moja nitaitumia kumsomea mtoto wa Kijerumani habari za baba yake.

Sasa nilieleze daftari lenyewe. Juu ya jalada kuna tai wa jeshi, na maneno yasemayo kwamba hili ni daftari la mshahara na papo hapo ni kitambulisho. Katika nakala hii alama ya swastika iliyo chini ya tai imekwanguliwa kwa wembe. Askari alitakiwa awe nalo mwilini saa zote. Ukurasa wa 1 una namba ya kibati chake cha utambulisho, kundi la damu, kipimo cha kinyago cha gesi, na vyeo alivyopanda. Ukurasa wa 2 una tarehe na mahali alipozaliwa, dini, kazi, urefu, umbo la uso, rangi ya nywele na macho, na kipimo cha viatu. Picha haimo, kwani picha zilianza kudaiwa mwishoni mwa 1943 tu, na si wote waliopigwa. Ukurasa wa 4 wataja kikosi kilichompeleka vitani na kikosi alichotumikia huko. Ukurasa wa 5 una anwani za jamaa wa kuarifiwa. Kisha zafuata kurasa za nguo na vifaa, soksi ngapi, blanketi ngapi, bunduki namba gani. Zafuata chanjo, halafu miwani, halafu hospitali alizolazwa, halafu mshahara. Mwishoni kabisa ni nishani, na baada ya nishani ni likizo.

Tazama mpangilio huo. Kitabu kizima chajibu maswali mawili: jeshi limempa nini mtu huyu, na mtu huyu anafaa kwa kazi kiasi gani. Soksi ina mstari wake, jino lina nafasi yake, chawa nao wamo, kwa maana askari aliyekwenda likizo alipigiwa mhuri kwamba ameondolewa chawa. Kitendo chake ndicho kisicho na safu. Hakuna ukurasa wa alichokifanya, wala wa alichokiona. Hata maradhi na majeraha yaliandikwa kwa namba, ili asiyehusika asielewe. Kwa lugha ya uhakiki, huyu ni mhusika mkuu asiye na kitenzi. Sentensi zote zamtaja kama mtendwa. Amepewa, amechanjwa, amelazwa, amelipwa, ameruhusiwa.

Hayo nayaona sasa. Wakati ule nilikuwa na haraka ya kuonyesha ujuzi.

Cheo chake cha kwanza kilikuwa Fahrer, yaani mwendesha farasi. Kwa hiyo hapo baba alisema kweli. Divisheni ya askari wa miguu ya Ujerumani ilikuwa na farasi wapatao 5,000, ingawa sinema hutuonyesha vifaru tu. Kikosi chake hakikutajwa kwa jina. Kilitajwa kwa namba ya posta ya vitani, tarakimu tano ndani ya mhuri, kwa sababu jeshi halikutaka adui amchomolee maiti daftari na kujua nani yuko wapi. Namba hizo zimechapishwa vitabuni baada ya vita. Nilikwenda maktaba, nikaitafuta, nikaikuta ni msafara wa mizigo wa Divisheni ya 295 ya Askari wa Miguu. Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa chanjo, nikaona kwamba alichanjwa homa ya matumbo tarehe 21 Agosti 1941.

Tarehe hiyo ilinishtua, maana nilikuwa nimesoma habari zake. Mwezi huo wa Agosti Divisheni ya 295 ilikuwa Bila Tserkva, mji ulio kiasi cha kilometa 80 kusini mwa Kiev. Wayahudi wazima wa mji huo walikuwa wameuawa. Watoto wao wapatao 90, kuanzia wachanga hadi wa miaka sita au saba, walifungiwa katika nyumba moja bila chakula wala maji. Askari waliokuwa jirani waliwasikia wakilia usiku, wakawaendea makasisi wa kijeshi. Makasisi wakaipelekea divisheni habari, na Luteni Kanali Helmuth Groscurth, ofisa wa makao makuu ya divisheni, akajaribu kuzuia. Alisimamisha malori, akapeleka suala hilo kwa makao makuu ya Jeshi la 6. Jibu la kamanda wa jeshi hilo, Reichenau, likawa kwamba jambo lililoanzwa limalizwe. Mkutano wa kupanga ulifanyika tarehe 21 Agosti. Tarehe 22 watoto walipigwa risasi. Ripoti ya Groscurth imehifadhika, na shajara zake zilichapishwa mwaka 1970. Yeye mwenyewe alitekwa Stalingrad, akafa utekani Aprili 1943.

Nikaunganisha mhuri na tarehe. Jumanne iliyofuata nikamwambia yule mama, kwa sauti ya upole niliyoiona kuwa inatosha, kwamba baba yake alikuwapo. Nilimwambia tarehe, mji, na nyumba ile. Nilisema pia kwamba mwendesha farasi huenda hakufanya lolote. Hakuniuliza swali. Alilifunga daftari katika kitambaa, akaniamkia Shikamoo kwa mara ya kwanza bila kucheka, akatoka. Hakuja darasani wiki hiyo, wala iliyofuata, wala ya tatu.

Alikuwa ameniachia nakala nilizotoa kwa mashine ya fotokopi. Kwa kuwa sikuwa na amani nilizisoma tena, na safari hii nilizisoma kama nilivyofundishwa Dar es Salaam. Mwalimu wetu alitukataza kusoma maneno ya jalada kabla ya kuangalia kalamu. Tazameni kwanza mkono, alisema, kisha wino, kisha mhuri, ndipo mtazame habari.

Niliangalia mkono. Katika daftari la kweli lililobebwa tangu mwanzo, kila ingizo lina karani wake, kwa maana mtu huchanjwa hapa, akapewa viatu pale, akapandishwa cheo kwingine. Hapa maingizo yote ya kabla ya Mei 1942 yalikuwa ya mkono mmoja, herufi zikiwa zimelala upande uleule, mistari imepangana kama imeandikwa kwa kikao kimoja. Kuanzia Mei 1942 mikono inabadilika ovyo, kama inavyopasa. Nikarudi ukurasa wa 1. Pembeni, kwa herufi ndogo ambazo nilidhani ni uchafu wa fotokopi, kulikuwa na neno lililokatishwa lenye maana ya nakala ya pili. Na tarehe ya Mei 1942 iliyo karibu na mhuri, ambayo mimi niliichukua kuwa tarehe ya ukaguzi tu, kwa kuwa madaftari haya yalikaguliwa mara kwa mara, ilikuwa tarehe ya kutolewa kwake.

Basi daftari la kwanza lilipotea, na hili liliandikwa upya vitani. Mhuri wa Divisheni ya 295 ulikuwa ushahidi wa mahali alipokuwa Mei 1942. Tarehe ya chanjo ilikuwa imenakiliwa kutoka kwingine, nayo haikusema kikosi. Mimi nilikuwa nimechukua mhuri wa mwaka mmoja na tarehe ya mwaka mwingine, nikazifungisha ndoa. Hata namba ya posta yenyewe haifai kusomwa bila mwaka wake, kwa sababu namba moja iliweza kuhamishwa kutoka kikosi hiki hadi kile. Na chanjo ina maelezo mepesi kuliko yote: kuruta huchanjwa kambini kabla ya kupelekwa popote.

Nilikwenda kwake. Nilimwambia mlangoni kwamba nimekosea, kabla hajanikaribisha, kwa sababu nilijua kwamba nikikaa na kunywa kahawa kwanza nitatafuta maneno ya kujipunguzia. Alisikiliza. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa sikulitayarishia jibu. "Kwa hiyo baba ni safi?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa karibu kufanya kosa la pili, tena kubwa kuliko la kwanza. Lilikuwa jambo jepesi kumwambia ndiyo. Tungelia kidogo, tungecheka, na Jumanne angerudi darasani. Nilimwambia kwamba sijui, na kwamba daftari halijui pia. Tukaandika barua Berlin, kwenye ofisi iliyoanzishwa Agosti 1939 kushughulikia taarifa za askari waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Ofisi hiyo iliendelea na kazi miongo mingi baada ya vita, na tangu mwaka 2019 imekuwa sehemu ya Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani. Karatasi zake zina thamani kubwa, kwa kuwa nyaraka nyingi za jeshi la nchi kavu zilizokuwa Potsdam ziliteketea kwa mabomu Aprili 1945.

Jibu lilifika 1997, ukurasa mmoja. Aliitwa jeshini Julai 1941. Hadi Januari 1942 alikuwa katika kikosi cha mafunzo nchini Ujerumani. Februari 1942 aliripotiwa kufika katika msafara wa mizigo wa Divisheni ya 295 pamoja na batalioni ya nyongeza. Nikalinganisha na ukurasa wa nishani. Alipewa medali ya vita vya majira ya baridi ya Mashariki ya 1941/42, ile ambayo askari wenyewe waliitania kuwa nishani ya nyama iliyogandishwa. Ilitolewa kwa aliyekaa huko siku 60, au aliyepigana siku 14, katika majira hayo ya baridi. Hesabu ilikubali. Wakati watoto wa Bila Tserkva walipokuwa wakilia, yeye alikuwa Ujerumani akijifunza kufunga lijamu.

Lakini alifika Februari, akala chungu kimoja na watu waliokuwapo Agosti. Walimwambia nini usiku? Na kuanzia hapo hadi Septemba misafara ya mizigo ya divisheni hiyo ilibeba nini, na ilichukua wapi lishe ya farasi wake, katika nchi ambayo wakulima wake waliachwa na njaa? Hakuna ukurasa wa kujibu.

Ukurasa wa hospitali wasema alijeruhiwa Septemba 1942, wakati divisheni yake ilipokuwa ikigombea kilima cha Mamayev Kurgan ndani ya Stalingrad. Alipelekwa nyuma hatua kwa hatua, akaishia hospitali ya nyumbani. Novemba Warusi waliizingira Stalingrad, na mwishoni mwa Januari 1943 Divisheni ya 295 ilikuwa imekwisha. Yeye, katikati ya Desemba 1942, alikuwa na likizo ya siku 14 kwa mkewe. Yule mama alihesabu kwa vidole mbele yangu. Alizaliwa Septemba 1943. Alikaa kimya, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Mimi ni mtoto wa jeraha." Nilitaka kumsahihishia sarufi, kama ilivyo desturi yangu, nikaona hakuna kosa.

Nimewaona baadaye wasomaji wengine wa madaftari haya. Katika masoko ya vitu vya zamani huuzwa ndani ya mifuko ya plastiki, na bei hupanda kwa idadi ya nishani. Muuzaji hukupa na hadithi: huyu alikuwa shujaa, alijeruhiwa, alipewa Msalaba wa Chuma. Hadithi hiyo hupatikana kwa kusoma kurasa za mwisho na kuruka soksi. Ni usomaji mbaya, tena una hatari zake, kwa kuwa nishani huongezwa na walaghai ili bei ipande. Lakini usomaji wangu wa kwanza ulikuwa ndugu yake. Yeye alitaka shujaa akampata, mimi nilitaka mshtakiwa nikampata. Sote wawili tulilijazia daftari kitenzi ambacho halikuwa nacho.

Mwezi Novemba 1999 yale maonyesho ya Hamburg yalisimamishwa. Wanahistoria walikuwa wameonyesha kwamba baadhi ya picha zilikuwa na maelezo yasiyo yake, nyingine zikionyesha watu waliouawa na polisi wa siri wa Kisovieti kabla Wajerumani hawajafika. Tume iliyoundwa ikakuta kwamba picha zisizohusika hazikufika 20 kati ya zaidi ya 1,400, na kwamba hoja kuu ya maonyesho ilikuwa ya kweli. Yakatengenezwa upya, yakafunguliwa tena 2001. Wapo waliofurahia kosa lile, wakadhani kwamba picha chache zikianguka basi na wale watoto 90 wamefufuka. Nilipata barua ya yule mama kutoka kusini mwa Tanzania, ambako wakati huo alikuwa akifanya kazi. Alikuwa amesikia habari redioni. Aliandika: "Mwalimu, umeona, hauko peke yako." Chini yake akaongeza kwamba wagonjwa wake wazee humwambia habari za njaa walizosimuliwa na wazazi wao, njaa ya baada ya Majimaji, na kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza baba yake alikuwa nani.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Hivyo ndivyo nilivyoliona daftari lile mwishowe. Pale alama ilipokwanguliwa kwa wembe karatasi imekuwa nyembamba, ukiiinua kwenye dirisha mwanga unapenya. Hatujui nani aliyekwangua. Huenda ni yeye 1945 kwa hofu ya Waingereza, huenda ni mkewe baadaye kwa aibu. Binti yao aliniuliza ninaonaje. Nilimwambia ninaona wembe.

Amekwisha kufariki. Daftari liko kwa watoto wake, na ndani yake, kwa agizo lake, mna karatasi zangu mbili: ile ya kwanza yenye kosa, na ya pili yenye masahihisho. Nilimwomba aitupe ile ya kwanza. Alikataa. Alisema kwamba wajukuu wakisoma ya pili peke yake watadhani kuwa lilikuwa jambo rahisi.